Kandambili ya Kushoto

Kandambili ilikuwa yangu. Ya kushoto, ya kijani, namba arobaini, maana Mungu alinipa miguu ya mwanaume akaniacha nijipange mwenyewe. Niliikana kwa miaka tisa. Niliikana mbele ya mkaguzi, mbele ya wenzangu wa kazi, mbele ya mume wangu ambaye ndiye aliyeninunulia, na mara moja hata mbele ya padri, aliponiuliza kama kuna jambo lingine nami nikamjibu hapana, Padri, ni hayo tu.

Ninyi vijana mnaoingia sasa katika uganga wa mifugo mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka niliyozunguka kati ya Kasongo na Kabambare. Muda ninao. Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, pikipiki iliumaliza, na hadi juzijuzi nilikaa dukani nikiuza dawa za minyoo na kuwasemesha kuku wa watu. Ningeweza kuanza na chanjo. Hiyo naijua vizuri na hainiaibishi. Lakini mwaka huu tumebishana sana kuhusu sheria mpya ya kazi yetu, nani aandikwe kwenye orodha na nani aachwe nje, na juu ya hilo sina ushauri wowote wa maana ninaoweza kuwapa bila kupitia kwenye ile kandambili.

Mara ya kwanza nilipofika machinjio ya Salamabila nilikuwa nimevaa koti jeupe. Kumbukeni hilo: koti jeupe, machinjioni, siku ya mvua. Machinjio yenyewe yalikuwa sakafu ya saruji, kuta mbili na bati, na nje wachimba dhahabu wamejipanga wakisubiri nyama kwa nyuso za wanafunzi wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ndani nilimkuta mchinjaji, Papa Shabani, wa kabila la Wabangubangu, mzaliwa wa Wamaza, mtu mwembamba mwenye viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Hakuwahi kuvaa buti za mpira. Alisema buti ni za watu wasiojua damu inaelekea wapi. Yeye alikuwa Mwislamu, na ndiye aliyechinja kwa ajili ya mji mzima, ili Waislamu na Wakristo wanunue kwenye meza moja bila mtu kuuliza maswali.

Nikafungua sanduku langu, nikatoa kisu changu cha shule, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma Lubumbashi:

"Papa, usiguse kitu mpaka niseme."

Akarudisha mikono nyuma ya mgongo, akasimama hivyo. Nikapasua mapafu. Nikapasua ini. Nikakata tezi zote nilizofundishwa kukata, pamoja na nyingine mbili ambazo hazikuwa tezi. Kisha nikapiga mhuri wa zambarau pajani, safi kabisa, nikajifuta jasho.

"Dokta," akasema Papa Shabani, mikono bado nyuma, "mi siwezi kula hii ng'ombe."

"Umeona nini ambacho mimi sikukiona?"

"Weye umeitazama ikiwa imekufa. Mi niliiona ikitembea."

Ng'ombe wa Salamabila huja kwa miguu, wakishuka milimani na kupitia Lusangi. Papa Shabani alikuwa na desturi ya kuwapokea njiani, mwendo wa saa moja kabla ya mji. Alikaa tu kwenye jiwe akiwatazama wakipita. Ng'ombe yule, aliniambia, alikuwa wa mwisho kunywa maji kijitoni na wa kwanza kulala. Akanionyesha shingo kwa kidevu, bila kugusa. Palikuwa na uvimbe mdogo chini ya ngozi. Nilipopasua nikakuta alama ya sindano: mwenye ng'ombe alikuwa amemchoma penisilini ya watu, ile ya dukani, ili mgonjwa afike sokoni amesimama. Nikaufuta mhuri wangu kwa kisu, kipande kwa kipande, huku wachimbaji wakinicheka kwa heshima, yaani wakiziba midomo.

Basi shikeni hilo kwanza. Ukaguzi wa nyama unaanzia barabarani. Kitabu changu kilikuwa na ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Niliuruka kwa sababu haukuwahi kuulizwa kwenye mtihani.

Msidhani ninawachorea mtakatifu. Papa Shabani alikuwa na makosa yake na aliyatunza kama alivyotunza viatu. Aliamini kwamba minyoo ya ini humpata mbuzi anayekula majani ya makaburini. Tulibishana juu ya hilo msimu mzima. Mwishowe nikampeleka bondeni, nikamwonyesha konokono wadogo kwenye majani ya maji, nikamweleza jinsi mnyoo anavyokaa ndani ya konokono kabla ya kuingia kwa mbuzi. Alichuchumaa akawatazama kwa muda mrefu.

"Nimeelewa, Dokta. Lakini hawa konokono walitoka wapi?"

"Ndani ya maji, Papa."

"Na maji inatoka wapi?"

Nikageuka. Juu ya bonde, palepale maji yalipokuwa yakitokea, palikuwa na makaburi. Alipiga mluzi njia nzima hadi nyumbani.

Na nguruwe je? Maana hapa kwetu familia nyingi za Kikristo hufuga nguruwe, na nguruwe ana tegu, na tegu anataka jicho. Papa Shabani hakuweza kumgusa nguruwe wala kuingia bandani mwake. Lakini hakuweza pia kuvumilia jirani yake ale nyama mbovu. Kwa hiyo alisimama nje ya uzio, upande ambako upepo haukumletea harufu, akiwaelekeza wenyewe. "Mama, kamata ulimi. Vuta, usiogope, haing'ati mutu. Pitisha kidole chini yake. Unasikia punje ya mchele? Moja? Mbili? Basi, hiyo si ya Noeli." Wake za makatekista walijifunza kupapasa ndimi za nguruwe kwa maelekezo ya Mwislamu aliyesimama hatua kumi nje ya uzio. Chuoni tulifundishwa kipimo hichohicho kwa picha kubwa ukutani, na nusu ya darasa hatukukielewa.

Sasa nirudi kwenye sheria. Wakati ule ilikuwa na sentensi moja tu iliyotuhusu: nyama ya sokoni ipigwe mhuri na mwenye diploma. Mwenye diploma katika teritware mbili, yaani wilaya za Kasongo na Kabambare, nilikuwa mimi. Mhuri ulikuwa mmoja, nao ulikaa mfukoni mwangu. Nyama inaoza kwa siku moja. Mimi wakati wa mvua nilichukua siku mbili kufika. Niliandika barua kuomba mhuri wa pili na mtu wa kuushika. Barua ya tatu ndiyo iliyojibiwa: waliniuliza barua ya kwanza iko wapi.

Msimu mmoja mto Luama ulijaa nikakwama Wamaza siku tano. Salamabila hapakuwa na mhuri. Papa Shabani alikataa kuchinja ng'ombe mmoja aliyefika akikokotwa. Ng'ombe akafa mwenyewe baadaye, na watu wengine, wasiojua kuchinja wala kuona haya, wakamkata wakamuuza. Mama Mwamini, muuza mihogo aliyekuwa akiniwekea nafasi jikoni kwake kila nilipofika, alinunua kipande kizuri cha kumfurahisha bibi yake aliyekuwa mgeni. Nilipovuka hatimaye nikamkuta zahanati na watoto wake wanne kwenye mikeka miwili. Walipona wote. Lakini mdogo kabisa alichukua wiki mbili kuipata tena sauti yake ya kulia, na nilikaa kando yake nikisikiliza ile pumzi isiyo na sauti, nikiwa na mhuri mfukoni.

Nilitoka pale nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha machinjio. Miguuni nilikuwa na kandambili moja. Ya kulia ilibaki kwenye matope ya Luama, na kwa sababu ambayo siijui nilikuwa nimeendelea kutembea na ya kushoto siku nzima, kana kwamba nusu ya heshima ni bora kuliko kukosa yote. Nikaivua. Nikaomba wembe. Nikachonga mhuri kwenye soli yake, herufi kinyume, nikizisoma katika kioo cha pikipiki. Mpira wa soli ulikuwa na mawimbi ya kuzuia kuteleza, na ukingoni yalibaki matatu ambayo wembe haukuyaweza. Wino tuliuomba zahanati, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni.

"Papa Shabani," nikasema, "hii ni kashe, mhuri wako. Unaipiga tu kama umemwona mnyama akitembea. Ukiwa na shaka, usipige. Na kila mwezi nitakuja kuangalia kazi yako."

Akaigeuzageuza. "Hii ni kiatu yako, Dokta."

"Ilikuwa."

"Sawa. Lakini usimwambie mutu. Watasema nyama ya Salamabila inakanyagwa na mwanamuke."

Alifanya kazi ile miaka miwili. Hakujua kuandika, kwa hiyo aliweka kumbukumbu kwenye kamba za rafia: fundo moja ini bovu, mafundo mawili mapafu, kipande cha ngozi kilichofungwa ni mnyama mzima aliyekataliwa. Nilikuwa nakaa naye kila mwezi, anapitisha kamba vidoleni kama tasbihi na kunisimulia kila fundo, mnyama wa nani, alitembeaje, alikohoa upande gani. Mimi niliandika. Kisha niliandika upya kwa Kifaransa nikaweka jina langu chini. Ripoti zangu zilisifiwa mkoani. Nililetewa barua ya pongezi, nikaisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma Injili.

Mkaguzi alikuja bila taarifa. Alinunua nyama ya kula, mpishi wake akaiosha, na mkaguzi akaona mawimbi matatu kwenye mhuri. Siku ya pili tulikuwa machinjioni: yeye mezani, Papa Shabani amesimama, mimi pembeni kwenye kandambili mpya za bluu. Soli ya kijani, waliyoikuta kwa Papa Shabani, ilikuwa katikati ya meza.

"Hii umeitoa wapi, muzee?"

"Niliokota."

"Uliokota kashe ya serikali?"

"Wallahi, niliokota."

Mkaguzi akanigeukia. "Dokta, unaijua hii kitu?"

Jueni nilichofikiria, kwa sababu nanyi mtakifikiria siku moja. Nilifikiria diploma yangu. Nilifikiria kwamba mimi nikifutwa, teritware mbili hazitakuwa na mganga hata mmoja, na kwa hiyo uongo wangu ni huduma kwa mifugo. Ilikuwa hoja nzuri sana. Bado navutiwa nayo.

"Jamais," nikasema, yaani kamwe. Nilisema kwa Kifaransa nikitumaini kwamba uongo ukisemwa kwa lugha ya ofisi utabaki ofisini.

Soli ikachomwa moto. Ukutani mwa machinjio wakaandika kwa rangi nyekundu: SHABANI NI MARUFUKU KUGUSA NYAMA. Kisha kila mtu akaondoka. Nilipofika kwenye pikipiki nikamkuta Papa Shabani ananifungia mzigo, kamba inapita chini, inarudi juu, fundo lake lilelile. Nilifungua mdomo.

"Pita njia ya juu, Dokta," akasema. "Ya chini iko na matope."

Baada ya hapo sikumtembelea tena rasmi. Nilipita Salamabila mara moja kwa mwezi na mhuri wangu halali, na siku nyingine zote nyama iliuzwa bila kutazamwa na mtu yeyote, yaani bila kutazamwa na mtu yeyote mwenye ruhusa. Papa Shabani alilima karanga nyuma ya soko. Wanawake walikuja na ini au kipande cha bega juu ya jani la mgomba, wakakiweka kwenye jiwe. Yeye alirudisha mikono nyuma ya mgongo akainama.

"Pinduwa, mama. Pinduwa tena. Haya, nenda upike."

Au: "Hiyo zika mbali. Na umwage petroli juu yake, mbwa asirudishe."

Siku moja polisi alimuuliza kama hajui kusoma tangazo. "Sijui kusoma," akajibu, "lakini walinisomea. Wamesema nisiguse. Hawakusema nisitazame." Polisi akafikiri kidogo, akatoa kifurushi chake mwenyewe chini ya koti, akakiweka kwenye jiwe.

Haya niliyasikia kutoka kwa wengine. Mimi wakati huo nilikuwa mikutanoni. Nataka mjue kwamba ile sentensi mnayoipenda ninyi vijana, kwamba tukiwaandika watu wa vijijini diploma zetu zitakuwa karatasi za kufungia karanga, mtungaji wake ni mimi. Ilipigiwa makofi. Nilipokuwa naitamka niliziona hizo karanga, na nilijua ni za nani.

Mwaka huu rasimu ya sheria mpya ililetwa Kasongo na Dokta Neema, ambaye wengi wenu mnamjua. Ni binti mkubwa wa Mama Mwamini, mmoja wa wale wanne wa kwenye mikeka. Alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya gunia la pumba, akanisomea. Niliipenda, na kwangu mimi kupenda karatasi ya serikali ni jambo geni. Ilisema wasaidizi wa vijijini wafundishwe, wapimwe, waandikwe, na kila mmoja awe na mganga anayemjibia. Ilisema mganga ataadhibiwa kwa kutowatembelea wasaidizi wake, wala si kwa kuwa nao. Ilisema mganga apewe pikipiki, mafuta na friji ya chanjo, na arudi darasani kila baada ya muda, hata kama ana mvi. Lakini kifungu cha mwisho kilisema: aliyewahi kuadhibiwa kwa kufanya kazi hii bila ruhusa hataandikwa kamwe.

"Mama Dokta," Neema akasema, "hapa iko mutu moja tu ananisumbua roho."

"Nani?"

"Papa Shabani. Nimezunguka vijiji vyote, Wamaza, Lusangi, kila mahali nikiuliza nani anajua nyama, wananipa jina yake. Na macho yake bado mazima. Anataka kufanya hii kazi kabla hayajaisha, aliniambia mwenyewe. Lakini mutu anaokota kashe, anaitumia miaka miwili bila kuuliza ni ya nani... namutetea namna gani? Watanicheka."

Nilikuwa napanga chupa za dawa. Nilizipanga zote zikaisha.

"Hakuiokota," nikasema. "Nilimpa mimi. Niliichonga kwenye kandambili yangu."

Neema akatazama miguu yangu. "Ya kushoto ao ya kulia?"

"Ya kushoto."

"Na ya kulia?"

"Iko Luama."

Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akajifuta macho kwa rasimu ya sheria. "Mama, unajua watakufuta kwenye orodha. Na duka hii, bila jina yako kwenye orodha, itafungwa."

"Najua."

"Juu ya nini hukusema tangu zamani?"

Nilimwambia ile hoja yangu juu ya huduma kwa mifugo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jinsi unavyomsikiliza mgonjwa anayekueleza kwamba haumwi.

Kabla ya kuandika barua ilinibidi nimuulize mwenyewe. Neema akanibeba kwa pikipiki yake, nami nyuma nimejifunga khanga kiunoni kuushika mgongo, hadi Salamabila. Papa Shabani alikuwa anapura karanga. Viatu vilikuwa vilevile, au wadogo zao. Nilimweleza nilichokuja kufanya, nikitegemea, sitawaficha, kwamba angeguswa na wema wangu.

Alikasirika. Sijawahi kumwona vile.

"Miaka tisa nimekuficha, leo unakuja kunitoboa?"

"Papa, nataka ukweli ujulikane."

"Ukweli gani? Niliapa! Nilisema Wallahi! Nilifunga siku tatu kwa sababu ya ile kiatu yako, kwenye joto, nikimuomba Mungu anisamehe. Sasa unataka kumuonyesha kila mutu kama Shabani ni mwongo? Kupiga kashe bila diploma, hiyo watu wananisamehe. Lakini kuapa uongo?" Akatupa kipurio chini. "Na weye ulifunga siku ngapi?"

"Hata moja."

"Hata asubuhi moja?"

"Siku ile nilikula mayai mawili, Papa."

Akanitazama sana. Neema alikuwa anasoma kibandiko cha pikipiki yake kwa bidii. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na ilichukua muda nikajua ni kicheko.

"Mawili," akasema. "Angalau ungeacha moja."

Aliingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani zilikuwamo zile kamba za miaka miwili, zote. Akazipitisha vidoleni, na kila fundo alilikumbuka bado. Neema alipiga magoti akaandika, mpaka karatasi zikaisha akaendelea nyuma ya rasimu. Fundo moja lilipofika, yule ng'ombe mweusi mwenye mapafu ya kunata, Neema akasema, "Hii iko ndani ya ripoti ya Mama Dokta. Tuliisoma chuoni kama mfano muzuri." Hakuna aliyenitazama. Nilishukuru kwa hilo.

Papa Shabani akatoa ruhusa kwa sharti moja: niandike kwamba aliapa kwa ajili yangu na kwamba alishafunga. "Waweke yote mbili," alisema. "Wasiweke moja na kuacha ingine."

Niliandika. Iliniwia vigumu kuliko insha yoyote niliyopata kuandika, kwa sababu kila sentensi ilitaka kuwa nzuri, na kila iliyokuwa nzuri ilikuwa inanipunguzia kosa. Nilifuta nzuri zote. Ilibaki nusu ukurasa: kandambili yangu, wembe, kioo cha pikipiki, alitumwa na mimi, nilimkana mbele ya mkaguzi, ripoti ni zake. Na kiapo chake na saumu yake. Mume wangu aliisoma, akaenda chumbani, akarudi akauliza tu, "Zile za kijani? Na mimi nilikuwa nikimshuku dada yangu."

Neema akaipeleka pamoja na orodha ya mafundo. Tukasubiri. Dukani niliacha kuagiza dawa mpya, nikawa naziangalia rafu zikipungua, nikiwaeleza wateja jinsi ya kuangalia mnyama akitembea, maana hilo halihitaji leseni.

Simu ililia asubuhi moja nikiwa nafagia. Ilikuwa namba ya Neema, na nyuma yake kulikuwa na kelele za soko na sauti ya brashi ikisugua.

"Mama Dokta, keti."

"Nimesimama na fagio, mwanangu. Sema."

"Kifungu cha mwisho wamekibadilisha. Kila aliyeadhibiwa atasikilizwa upya. Papa Shabani amesikilizwa. Ameandikwa, chini yangu. Niko naye hapa machinjioni, wanapaka ukuta chokaa."

"Na mimi?"

Akashusha sauti. "Mwaka moja, Mama. Uko nje ya orodha mwaka moja. Huwezi kutibu, huwezi kuuza dawa, huwezi kukagua wala kutia sahihi. Nimejaribu..."

"Ni haki," nikasema, na nikashangaa kwamba niliweza kulitamka neno hilo bila Kifaransa. Nikaegemeza fagio. "Mpe simu."

Nikasikia simu ikipita mikononi, kisha pumzi yake, kisha sauti inayopiga kelele kwa sababu haamini kwamba simu inafika mpaka Kasongo.

"Dokta! Uko muzima?"

"Mzima, Papa. Hongera."

"Jina yangu imefunikwa. Nyekundu inaonekana kidogo, lakini watapaka tena. Neema anasema yako imeondoka."

"Mwaka mmoja tu."

"Mwaka moja ni nini? Miye tisa." Akacheka, akakohoa. "Sikiliza. Jumamosi ng'ombe wanashuka Lusangi. Kuja. Tutakaa kwenye lile jiwe, uwatazame wakipita, uniambie unaona nini. Kisha utaingia na mi machinjioni."

"Papa, mimi siruhusiwi."

"Kutazama unaruhusiwa. Nimewauliza." Nikasikia akimwambia mtu aongeze chokaa upande wa kushoto. Kisha akarudi kwenye simu, na sasa hakupiga kelele. "Utarudisha mikono nyuma, vile. Nami nitafungua. Lakini, Dokta?"

"Ndiyo, Papa."

"Usiguse kitu mpaka niseme."